Kabla hujabadilisha bodi ya HDMI

Swali: Mtaalamu, hongera kwa kazi. Nilinunua Kariakoo risiva ya mtumba ya sinema ya nyumbani, ya spika tano na sabufa, yenye matundu manne ya HDMI ya kuingizia na moja la kutolea. Ilitengenezwa mwaka 2014 na imeandikwa 4K. Nimeunganisha king'amuzi cha dishi, PlayStation 4 na kisanduku cha Android cha 4K, kisha waya mmoja unakwenda kwenye runinga ya 4K. PlayStation haina tatizo, picha ipo na sauti inatoka spika zote. King'amuzi kinatoa sauti spika mbili za mbele tu. Kisanduku kinaonyesha menyu vizuri, lakini filamu ya kulipia ikianza skrini inakuwa nyeusi. Programu zilizomo ndani ya runinga hazisikiki kabisa kwenye risiva. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine sipati picha ya kifaa chochote. Tena sabufa inavuma muda wote. Fundi amesema bodi ya HDMI imekufa na anataka kuniagizia nyingine. Nilipe?

Jibu: Ndugu msomaji, usilipe kwanza. Maelezo yako yana ushahidi ambao fundi wako hakuutumia, nao ni ile PlayStation. Kifaa hicho kinapeleka picha na sauti kwa waya wa HDMI hadi kwenye risiva, risiva inaipitisha picha hadi kwenye runinga na kuigawa sauti kwa spika tano. Kazi hiyo haiwezi kufanyika ikiwa bodi imekufa. Kwa hiyo tayari tunajua kwamba tundu la kutolea ni zima, waya wa kwenda kwenye runinga ni mzima, vikuza sauti ni vizima na nyaya za spika zimefungwa sawasawa. Kinachobaki kutiliwa shaka ni matundu mengine matatu, nayo unaweza kuyapima mwenyewe kwa dakika kumi bila kufungua skrubu hata moja.

Zima kila kitu ukutani, chomoa waya wa PlayStation kwenye risiva, kisha chomeka king'amuzi katika tundu hilo hilo na kukiwasha. Kumbuka kubonyeza kwenye rimoti ya risiva jina la tundu hilo, wala si jina la king'amuzi, maana watu wengi hutangaza kifo cha kifaa kumbe wamechagua tundu tupu. Fanya vivyo hivyo kwa kisanduku cha Android, halafu ichomeke PlayStation katika matundu waliyotoka wenzake. Tatizo likimfuata mgeni hadi kwenye tundu jipya, basi mgonjwa ni kifaa hicho au mipangilio yake. Likibaki kwenye tundu lile lile hata ukiweka PlayStation, hapo ndipo tundu lenyewe lina hitilafu. Nikisoma dalili zako, sidhani kama utakuta tundu lililokufa. Nadhani una matatizo matano tofauti yaliyokutana nyumba moja, na kila moja lina dawa yake.

Neno moja kuhusu jina kabla sijaendelea, kwa sababu limewahi kunipotezea muda na wateja. Wengi wetu huita risiva kile kisanduku cha dishi. Hapa nikisema risiva nina maana ya ile amplifaya kubwa inayopokea vifaa vyote na kuendesha spika, na cha dishi nitakiita king'amuzi.

Nianze na umeme unaokatika, kwa sababu ukielewa hilo utaelewa nusu ya mengine. Waya wa HDMI haupeleki picha kijinga kama ulivyokuwa ule waya wa njano wa zamani, ambao ulimwaga mawimbi tu bila kujali upande wa pili kuna nani. Ndani ya plagi ya HDMI kuna pini 19, na baadhi yake kazi yake ni mazungumzo. Kifaa kinachotuma picha hupiga hodi kwa kupeleka volti 5 kwenye pini ya 18. Upande unaopokea, ukiwa macho, huitikia karibu kupitia pini ya 19. Hapo mtumaji husoma orodha fupi ya sifa za mwenyeji wake, yaani picha za ukubwa gani anaweza kuonyesha na sauti za aina gani anaweza kupiga, kisha hutuma kulingana na orodha hiyo. Risiva ikiwa katikati, mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu inabidi iwe mgeni kwa runinga na mwenyeji kwa king'amuzi kwa wakati mmoja, na orodha anayosomewa king'amuzi huchanganya macho ya runinga na masikio ya risiva.

Sasa fikiria umeme unaporudi saa mbili usiku. Ving'amuzi vingi hujiwasha vyenyewe, ilhali risiva nyingi na runinga hurudi zikiwa zimelala, taa nyekundu tu inawaka. King'amuzi kinapiga hodi, hakuna anayeitikia, nacho kinaendelea na maisha yake. Ukija kuwasha risiva baadaye, kuna vifaa ambavyo havirudii kubisha, na hapo unabaki na skrini tupu ingawa kila kitu ni kizima. Dawa ni mpangilio wa kuwasha: runinga kwanza, ukisubiri mpaka picha yake itokee, kisha risiva, kisha king'amuzi au kifaa kingine. Ikiwa mambo yamekwisha kuvurugika, kuzima kwa rimoti hakusaidii, kwa sababu kumbukumbu ya mazungumzo yaliyoharibika inabaki. Chomoa vyote ukutani kwa dakika tano hivi, uviwashe kwa mpangilio huo. Ningependa pia uwe na kinga ya umeme, ile inayosubiri umeme utulie kabla ya kuuruhusu kupita. Haitaondoa tatizo la hodi, lakini itazilinda hizo bodi ambazo fundi anazitamani.

Mazungumzo hayo hayo yanaeleza kwa nini king'amuzi kinasikika spika mbili tu. Sababu ya kwanza inawezekana kuwa risiva yako ina mpangilio wa kupitisha picha hata ikiwa imelala, ambao kwenye menyu huandikwa HDMI Standby Through au jina linalofanana na hilo. King'amuzi kilichowashwa wakati risiva imelala husoma sifa za runinga peke yake, runinga inasema ina spika mbili, nacho kinatuma sauti ya spika mbili na kung'ang'ania hapo hadi kizimwe na kuwashwa upya. Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi: mipangilio ya sauti ndani ya king'amuzi chenyewe. Ingia kwenye menyu ya sauti, utakuta chaguo la PCM na jingine lililoandikwa Dolby Digital au Bitstream. King'amuzi kikiwa kwenye PCM, kwa kawaida hufungua chenyewe sauti iliyofika na kuibana iwe ya njia mbili. Kikiwa kwenye chaguo la pili hukabidhi sauti jinsi ilivyo, risiva ikaifungua. Wewe unataka hilo la pili. Kwa PlayStation 4 hali ni kinyume kidogo, kwa kuwa PCM yake kupitia HDMI huweza kubeba spika zote, kwa hiyo iache ilivyo.

Baada ya kubadilisha, usikate tamaa ukiona spika za nyuma bado zimenyamaza kwenye taarifa ya habari. Chaneli nyingi hurusha sauti ya njia mbili tu, na hakuna risiva itakayotoa sauti ambayo haikuingia. Angalia kioo cha mbele cha risiva: kikionyesha Dolby Digital pamoja na taa za spika tano, sauti ya kweli imefika; kikionyesha njia mbili, ni studio ndiyo iliyotuma hivyo. Ukipenda, bonyeza kitufe cha Surround uchague Dolby Pro Logic II, ambayo hutandaza sauti ya njia mbili kwenye spika zote. Mimi binafsi huitumia kwa mpira, kwa sababu mtangazaji hukaa spika ya katikati na kelele za uwanja huzunguka, lakini muziki nauacha kwenye spika mbili.

Kisanduku cha Android ndicho kinachonifanya nimsamehe kidogo fundi wako, kwa kuwa skrini nyeusi inatisha. Lakini tazama inapotokea: menyu ipo, picha za matangazo ya filamu zipo, giza linaingia pale tu filamu ya kulipia inapoanza. Waya mbovu hauchagui hivyo. Waya mbovu hutia vinyota vyeupe kwenye picha, hufanya skrini ipepese au hukata sauti kwa sekunde moja moja, na hufanya hivyo kwenye menyu pia. Giza linalosubiri filamu ianze ni alama ya kinga ya hakimiliki, ile iitwayo HDCP, ambayo huhitaji kila kifaa kwenye mnyororo kithibitishe kwamba kinaaminika. Filamu za 4K hudai toleo la 2.2 la kinga hiyo, lililotolewa mwaka 2013. Risiva nyingi zilizotengenezwa 2013 na 2014 zilikuja na uwezo wa kupitisha picha ya 4K, tena zikaandikwa hivyo kwa fahari, ila hazikuwa na toleo hilo la kinga. Neno 4K kwenye kifaa chako si uongo, lakini halitoshi.

Lithibitishe hilo kwa kuchomeka kisanduku moja kwa moja kwenye runinga. Filamu ikichezwa vizuri, kizuizi ni risiva, na hakuna bodi ya aina ile ile itakayokitoa, kwa sababu bodi mpya itakuwa na upungufu ule ule wa kuzaliwa. Hapa ndipo fedha yako ingepotea bure. Angalia pia kwenye kitabu cha risiva kama kuna tundu mojawapo lililotajwa HDCP 2.2, kwa maana zipo risiva za miaka hiyo zenye tundu moja tu la namna hiyo. Runinga nazo zina tabia hiyo, si kila tundu lake lina uwezo sawa. Ukitaka kuendelea kupitia risiva, punguza picha ya kisanduku hadi 1080p, ukubwa ulio chini ya 4K, kisha uzime na kuwasha programu ya filamu; huduma nyingi hukubali toleo la zamani la kinga kwa ukubwa huo. Ila ushauri wangu kwako ni mwingine: kiache kisanduku kwenye runinga moja kwa moja, upate 4K uliyoilipia, na sauti tuirudishe kwenye risiva kwa njia ninayoieleza sasa, ambayo itatibu pia programu za ndani ya runinga.

Waya wa HDMI kwa kawaida ni wa kwenda. Kuanzia toleo la 1.4 la mwaka 2009, waya huo huo unaweza kurudisha sauti ya runinga kwenda kwenye risiva, na njia hiyo huitwa ARC. Haijiwashi yenyewe, na ndiyo maana programu zako ni bubu. Kwanza, tafuta kwenye runinga tundu lenye maandishi ARC au eARC. Kwa kawaida ni moja tu, na waya unaotoka kwenye tundu la kutolea la risiva lazima uingie hapo, si jirani yake. Hakikisha tundu la kutolea la risiva nalo lina alama ya ARC. Pili, washa mawasiliano ya vifaa pande zote mbili. Kwenye risiva huitwa HDMI Control au CEC, na kwenye runinga kila kampuni imekipa kitu kile kile jina lake: Samsung husema Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, Panasonic Viera Link. Tatu, kwenye menyu ya sauti ya runinga chagua kwamba sauti itoke kwa risiva na si kwa spika za runinga, na mpangilio wa sauti ya dijitali uuweke kwenye Auto au Bitstream, kwani PCM kwa njia hii ni ya spika mbili. Mwisho, kwenye rimoti ya risiva bonyeza TV. Hatua hiyo ya mwisho inaonekana ya kitoto, lakini nimewahi kupanda ghorofa nne kwa ajili yake.

ARC ikikataa baada ya hayo yote, badilisha waya kabla ya kubadilisha mawazo. Sauti inayorudi hutumia pini ya 14, ambayo picha haiihitaji, na zipo nyaya za zamani au za bei ya chini ambazo zinapitisha picha safi ilhali pini hiyo haikuungwa. Huhitaji waya wa bei ya kutisha. Waya wa mita mbili wenye alama ya Premium High Speed unatosha kwa mahitaji yako yote. Unaporefuka kupita mita tano ndipo ningeanza kuuogopa.

Na ARC ikikataa kabisa, kama inavyotokea baina ya runinga mpya na risiva ya zamani, sahau HDMI kwa upande wa sauti ukatumie waya wa optiki. Ni teknolojia ya Toshiba ya mwaka 1983, haina mazungumzo, haina hodi wala karibu, ni mwanga mwekundu tu unaowaka na kuzimika. Unabeba Dolby Digital na DTS za spika tano na sabufa. Haubebi zile sauti nzito zisizobanwa za diski za Blu-ray, lakini filamu za intaneti kwa kawaida hazina sauti hizo. Plagi zake huuzwa zikiwa na kofia ndogo za plastiki zinazopitisha mwanga hafifu. Zivue, kwa sababu zimeshanileta kwenye nyumba za watu zaidi ya mara moja. Usiukunje waya huo kwenye kona. Ukiona mdomo wa mtu unatangulia sauti au kuchelewa, kwenye menyu ya risiva kuna Audio Delay au Lip Sync. Risiva huweza kuchelewesha sauti, haiwezi kuiharakisha, kwa hiyo kama sauti ndiyo iliyochelewa, rudisha mpangilio huo hadi sifuri.

Sabufa inayovuma haina uhusiano wowote na bodi. Mvumo mzito usiobadilika, unaosikika hata sauti ikiwa sifuri, ni umeme wa Hz 50 uliopata njia ya kuingia kwenye waya wa sauti. Katika nyumba zenye dishi, mshukiwa wangu wa kwanza ni waya wa dishi. Dishi limefungwa juu ya bati au kwenye bomba lililochimbiwa ardhini, waya wake unaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kimeungana na risiva kwa HDMI, na sabufa imechomekwa soketi ya upande mwingine wa sebule. Ardhi ya dishi na ardhi ya nyumba zikitofautiana hata kidogo, umeme mdogo huzunguka katika kitanzi hicho na sabufa huugeuza kuwa mvumo. Fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi huku kikiwa kimezimwa ukutani, kisha washa risiva na sabufa usikilize. Mvumo ukiisha, umempata.

Jaribu kwanza kuchomeka vifaa vyote, pamoja na sabufa, kwenye ekstensheni moja nzuri. Mara nyingi hilo pekee linamaliza. Likishindikana, nunua kitenganishi kidogo, yaani kifaa cha kukata kitanzi hicho, cha kuweka kwenye waya wa sabufa. Muuzaji akikupa cha kuweka kwenye waya wa dishi, kikatae usipohakikishiwa kwamba kinapitisha umeme wa dishi, kwa kuwa king'amuzi hupeleka volti 13 na 18 juu ya waya huo kuendesha kile kichwa cha dishi, na kitenganishi cha kawaida huukata. Mvumo utaisha, na chaneli zitaisha pia. Na mtu yeyote akikuambia ukate pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo uondoke, mpe chai aende zake. Pini hiyo ipo ili kuokoa maisha yako.

Kwa kuwa risiva ni ya mtumba, geuza nyuma yake usome volti. Zilizotoka Japani huandikwa 100V na za Marekani 120V, na ikiwa yako inapita kwenye transfoma ya kushusha umeme, hakikisha transfoma hiyo ina wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye risiva, na uisogeze mbali na waya wa sabufa, kwani nayo huvumisha. Kama imeandikwa 230V, ruka aya hii.

Sasa, fundi wako angekuwa na haki wakati gani? Risiva hutengeneza menyu yake yenyewe na kuituma kwenye runinga. Bonyeza Setup. Menyu hiyo ikitokea kwenye skrini ilhali hakuna kifaa hata kimoja kinachoonekana, tatizo liko upande wa matundu ya kuingizia. Isipotokea kabisa, na umejaribu nyaya mbili na runinga mbili, hapo upande wa kutolea au bodi nzima unashukiwa kwa haki, isipokuwa kwa risiva za zamani sana ambazo menyu yao hutoka kwenye waya wa njano pekee. Mwombe fundi akuonyeshe jaribio hilo mbele yako. Na hata likithibitika, mimi nisingenunua bodi kwa risiva ya mwaka 2014: ningepeleka vifaa vyote vya HDMI kwenye runinga, nikavuta waya mmoja wa optiki kutoka runinga hadi kwenye risiva, nikaendelea kutazama.